Namna ya kufuatilia moshi wa mitambo ya makaa ya mawe, mwaka hadi mwaka

Swali ni lile lile, linabadilisha nguo tu. Mwanafunzi wa chuo hapa Mbeya anauliza, kesho mtangazaji wa redio Njombe, keshokutwa ofisa mazingira wa halmashauri: nitajuaje mtambo wa umeme wa makaa ya mawe unatoa uchafu kiasi gani hewani, na nitajuaje kama unazidi au unapungua? Nimeona heri niandike mara moja, ili anayeuliza tena nimwelekeze hapa.

Tuwekane sawa kwanza. Makaa tunayo: Kiwira na Kabulo, Ngaka kule Mbinga, Mchuchuma wilayani Ludewa. Mtambo mkubwa wa kufua umeme kwa makaa hayo hatuna. Kiwira ilijengewa mtambo mdogo wa megawati 6, na ule wa Mchuchuma wa megawati 600 umo kwenye makubaliano tangu 2011. Kwa hiyo hapa tutajifunzia mitambo ya wenzetu, ambako takwimu zipo za miaka mingi, kisha hatua ya mwisho itaturudisha Ludewa. Usiiruke hiyo ya mwisho, kwa sababu ndiyo yenye haraka kuliko zote.

Kabla ya kuanza, uwe na haya

- Kompyuta yenye Excel au LibreOffice Calc. Hesabu zote ni za kuzidisha na kugawanya.
- Bando la kutosha. Mafaili ya takwimu za mwaka ni mepesi, ya saa kwa saa ni mazito.
- Akaunti ya Copernicus, mpango wa Ulaya wa kuitazama dunia, kwa ajili ya picha za setilaiti. Haina malipo.
- Daftari la matukio, la karatasi au ukurasa wa pili wa jedwali. Wengi hulidharau hili, halafu grafu inawashinda kueleza.
- Viwango vya kubadili vipimo, uvibandike mahali unapoviona: tani fupi ya Marekani ni kilo 907; pauni moja ni kilo 0.4536, mmBtu moja (kipimo cha joto cha Wamarekani) ni gigajuli 1.055.

Hatua ya 1: Chagua mtambo mmoja na uandike kitambulisho chake

Mtambo mmoja tu. Anayeanza na "mitambo yote ya Afrika Kusini" hamalizi.

Andika jina, mmiliki, mahali ulipo kwa latitudo na longitudo, idadi ya mashine, megawati za kila mashine, na mwaka kila mashine ilipoanza kazi. Taarifa hizi utazipata kwenye orodha ya Global Coal Plant Tracker, inayotunza mashine za megawati 30 na kuendelea duniani kote. (Kiwira yetu, kwa ukubwa huo, haimo.) Kisha andika dohani lina vifaa gani vya kusafisha moshi: vya kunasa vumbi, vya kuondoa salfa, vya kupunguza oksidi za nitrojeni. Hivi ni vifaa vitatu tofauti, na kuwa na kimoja hakumaanishi vingine vipo. Medupi, kwa mfano, mtambo wa Afrika Kusini wa karibu megawati 4,760 uliokamilika 2021, una vichujio vya vumbi vya kisasa lakini ulianza kazi bila kifaa cha kuondoa salfa. Mwenzake Kusile, wa huko huko Afrika Kusini, ulijengwa nacho.

Kwa mazoezi ya kwanza nakushauri mtambo wa Marekani, kwa sababu rekodi zake zimekamilika kuliko za kwingine. Ukishazoea, ndipo uende Matimba na Medupi za Afrika Kusini, au Hwange ya Zimbabwe, au Maamba ya Zambia, ambao ulianza na megawati 300 na uko karibu nasi zaidi.

Hatua ya 2: Amua unafuatilia nini

Neno "moshi" halitoshi. Chagua kati ya haya manne, na kila moja lipe safu yake kwenye jedwali:

Dioksidi ya salfa hutokana na salfa iliyomo ndani ya makaa yenyewe. Oksidi za nitrojeni hutegemea sana joto la moto na jinsi hewa inavyoingizwa tanurini, kwa hiyo huwezi kuzikisia kwa kuangalia makaa peke yake. Vumbi hutegemea majivu ya makaa na uzima wa kichujio. Hewa ukaa, yaani dioksidi ya kaboni, hutegemea kaboni iliyomo kwenye makaa, na ndiyo rahisi kuliko zote kuhesabu.

Hatua ya 3: Pakua takwimu

Marekani: ingia kwenye hazina ya Shirika la Kulinda Mazingira la huko, EPA, inayoitwa CAMPD. Mitambo mikubwa ina vipimo ndani ya dohani vinavyosoma mfululizo, na masomo ya kila saa yamehifadhiwa tangu 1995. Anza na faili la mwaka, kisha la siku. Usikimbilie la saa: mashine moja ina mistari 8,760 kwa mwaka, mashine nne kwa miaka kumi ni zaidi ya mistari 350,000, na laptop ya kawaida itaanza kuhema.

Ulaya: kuna rejista ya uchafuzi wa viwandani yenye takwimu za kila mwaka tangu 2007, kwa kilo. Ina mtego mmoja. Kiwanda hulazimika kutaja uchafu pale tu unapovuka kiwango fulani, mathalani kilo 150,000 kwa mwaka kwa oksidi za salfa. Mtambo ukishuka chini ya hapo, namba hupotea kwenye rejista, wakati dohani bado linatoa.

Afrika Kusini: tazama ripoti za mwaka za Eskom, shirika la umeme la huko, na ripoti za kila mtambo. Mwaka wao wa hesabu huanza Aprili 1 na kuisha Machi 31. Ukiuweka sambamba na Januari hadi Desemba ya nchi nyingine bila kusema, umelinganisha miezi isiyofanana.

Pale pasipo na takwimu za wazi, ruka uende hatua ya 6.

Hatua ya 4: Safisha faili kabla ya kujumlisha chochote

Nakili faili la asili, uliite "asili", na usiliguse tena. Fanyia kazi nakala.

Sasa fungua nakala hiyo na utazame mistari ishirini ya mwanzo kwa jicho, bila kukimbilia grafu. Katika faili la saa la CAMPD utaona safu ya salfa imeandikwa kwa pauni, na kando yake safu ya hewa ukaa imeandikwa kwa tani fupi, mstari huo huo. Kwenye faili la mwaka la hazina hiyo hiyo, vyote viwili viko kwa tani fupi. Asiyesoma vichwa vya safu hujumlisha pauni akidhani ni tani, na mtambo wake unageuka jehanamu ya salfa isiyokuwepo.

Kagua na haya:

- Tarehe. Wamarekani hutanguliza mwezi. 03/04/2019 kwao ni Machi 4, na Excel iliyowekwa kwa mtindo wetu itaisoma Aprili 3 bila kukuuliza.
- Tupu na sifuri. Sifuri kwenye safu ya muda wa kufanya kazi maana yake mashine ilizimwa. Tupu kwenye safu ya uchafu inaweza kuwa mashine ilizimwa au hakuna rekodi, kwa hiyo itazame pamoja na safu hiyo ya muda. Usijaze sifuri kwenye tupu.
- Saa zilizojazwa. Kipimo kikiharibika, sheria ya Marekani inataka saa zile zijazwe kwa namba ya kukadiria ambayo kwa kawaida iko juu, ili mwenye mtambo asifaidike na ubovu. Ukiona saa nyingi mfululizo zenye namba ile ile juujuu, ni kujazwa huko. Ziwekee alama.

Hatua ya 5: Gawanya kwa umeme

Hapa ndipo kazi yote ilipo, na ndipo habari nyingi za magazeti zinapopotoka.

Jumla ya tani kwa mwaka inakuambia watu wa jirani wamebebeshwa mzigo gani. Haikuambii kama mtambo umekuwa msafi. Lori la makaa linalotoka Ngaka likikaa gereji wiki mbili litakuwa limetumia dizeli kidogo mwezi huo, lakini hakuna dereva atakayesema injini imepona. Ili ujue hali ya injini unauliza lita kwa kilomita. Kwa mtambo, unauliza kilo kwa megawati-saa.

Tengeneza safu tatu: jumla ya uchafu, jumla ya umeme, na ya kwanza kugawanya kwa ya pili. Chora grafu mbili, moja ya jumla na nyingine ya kilo kwa megawati-saa, uziweke moja juu ya nyingine. Kisha zisome pamoja:

1. Jumla imeshuka, kiwango kwa megawati-saa kimebaki palepale: mtambo umefanya kazi kidogo tu.
2. Zote zimeshuka: kuna kifaa kipya, au makaa yamebadilishwa.
3. Jumla imebaki, kiwango kimepanda: mtambo unachakaa, au kifaa cha kusafisha hakifanyi kazi, huku umeme ukipungua.

Mfano mkubwa ni Marekani yenyewe. Mwaka 1990 mitambo yao ya umeme ilitoa takriban tani fupi milioni 15.7 za dioksidi ya salfa; miaka hii ya 2020 iko chini ya milioni 1. Ukitazama jumla pekee utadhani ni vifaa vya kuondoa salfa ndivyo vilivyofanya yote. Ukigawanya mtambo kwa mtambo utakuta sababu zimechanganyika: wengine walifunga vifaa, wengine walihamia makaa yenye salfa kidogo, wengine walifungwa kabisa na gesi ikachukua nafasi.

Angalizo: umeme uliozalishwa na umeme uliopelekwa kwenye gridi havilingani, kwa sababu mtambo wenyewe unakula sehemu kwa pampu, feni na visagio vyake. CAMPD hutoa ule wa kwanza, Eskom hupenda kutumia ule wa pili. Chagua mmoja, na ubaki nao miaka yote.

Hatua ya 6: Pasipo na kipimo, kadiria kwa makaa

Nchi nyingi hazitoi takwimu za dohani, lakini kiasi cha umeme au cha makaa hujulikana. Tuchukue mtambo wa kufikirika wa megawati 600, unaofanya kazi kwa asilimia 70 ya uwezo wake, wenye ufanisi wa asilimia 36. Namba hizi nimezichagua mimi kwa ajili ya hesabu, usizinukuu kama za Mchuchuma.

1. Umeme: 600 × 8,760 × 0.7 = megawati-saa 3,679,200.
2. Joto linalohitajika: megawati-saa moja ni gigajuli 3.6, gawanya kwa 0.36 upate gigajuli 10. Jumla ni gigajuli milioni 36.8.
3. Hewa ukaa: kiwango cha IPCC, jopo la kimataifa la wanasayansi wa tabianchi, kwa makaa ya bitumini (makaa meusi ya kawaida) ni kilo 94.6 kwa gigajuli. Zidisha, unapata kama tani milioni 3.48, yaani kilo 946 hivi kwa megawati-saa.
4. Makaa: kwa gigajuli 25.8 kwa tani, mtambo unachoma kama tani milioni 1.43 kwa mwaka.
5. Salfa: ukiungua, uzito wa salfa huongezeka maradufu kwa sababu hubeba oksijeni ya uzito sawa na wake. Makaa yenye salfa asilimia 1 yana kilo 10 za salfa kwa tani, ambazo zingetoa kilo 20 za dioksidi; kiasi kidogo hubaki kwenye majivu, kwa hiyo tumia 19. Zidisha kwa tani milioni 1.43: karibu tani 27,000 kwa mwaka, kama hakuna kifaa cha kuondoa.

Badilisha salfa iwe asilimia 0.5 uone namba ya mwisho inavyokatika nusu. Ndiyo maana ripoti ya maabara ya makaa ni karatasi ya thamani kuliko hotuba nyingi.

Kwa vumbi, uwe mwangalifu na neno "asilimia 99". Kichujio kinachonasa asilimia 99.5 kinaachia nusu asilimia. Kikishuka hadi 99, kinaachia asilimia nzima: vumbi limekuwa mara mbili, na msemaji wa kampuni bado atakuambia kwa tabasamu kwamba ufanisi ni 99.

Hatua ya 7: Jaza daftari la matukio

Kila grafu inapopinda, tafuta kilichotokea. Kusile ni somo zuri. Oktoba 2022 njia ya moshi ya mashine tatu iliharibika na mashine zikazimwa. Zilirudi mwishoni mwa 2023 kwa madohani ya muda, kwa kibali cha serikali, huku moshi ukipita bila kusafishwa salfa. Asiyeandika hilo ataona jumla ikishuka mwaka mmoja kisha salfa ikiruka, na ataanza kutunga sababu.

Au Ratcliffe-on-Soar, mtambo wa mwisho wa makaa Uingereza. Ulifungwa Septemba 30, 2024. Mwaka huo una miezi tisa, na ukiulinganisha na 2023 bila kusema hivyo utawapoteza wasomaji wako.

Hatua ya 8: Muite setilaiti awe shahidi

Sentinel-5P, setilaiti ya Ulaya inayopima gesi za hewani, ilirushwa Oktoba 2017 na hupita juu yetu kila siku mchana, mnamo saa saba na nusu kwa saa ya jua. Kwenye Copernicus Browser chagua setilaiti hiyo, chagua dioksidi ya nitrojeni, chora mstatili kuzunguka mtambo, na uombe takwimu za kipindi unachotaka. Tumia wastani wa mwezi au wa msimu. Picha ya siku moja isikudanganye, maana upepo ukigeuka tu kila kitu kimehama.

Setilaiti inaona safu nzima ya hewa kutoka ardhini hadi juu. Haipimi anachovuta mtu aliyesimama shambani. Na chembe moja ya picha ina upana wa kilomita 5.5 kwa 3.5 hivi, kwa hiyo Matimba na Medupi, walioko kilomita chache tu kutoka mmoja hadi mwingine, wanaonekana doa moja. Kwa hao wawili, jumlisha kwanza takwimu zao za ardhini ziwe moja, ndipo ulinganishe na doa hilo.

Kwa upande wetu wa bara kuna mitego miwili ambayo miongozo ya Ulaya haiitaji. Wa kwanza ni volkano: ukichagua dioksidi ya salfa na kuona wingu kubwa Afrika Mashariki, angalia kwanza Nyiragongo na Nyamulagira kule Kongo. Wa pili ni moto wa kiangazi. Kuanzia Juni hadi Oktoba watu wanachoma mashamba na misitu kutoka Zambia hadi Rukwa na Katavi, na dioksidi ya nitrojeni inapanda eneo zima. Fungua ramani ya moto ya NASA iitwayo FIRMS, ulinganishe tarehe, kabla hujamshtaki mtu.

Hatua ya 9: Pima Ludewa leo

Fanya hatua ya 8 juu ya Mchuchuma, na juu ya Ngaka ukiweza, tangu 2018 hadi mwezi uliopita. Utapata grafu karibu tambarare, yenye kupanda kidogo kila kiangazi. Wengi wakiona hivyo hufunga kompyuta: "hakuna kitu." Kitu ndicho hicho. Siku mtambo ukiwashwa, swali la kwanza litakuwa hewa ilikuwaje kabla, na hali ya kabla haipimwi baada. Hifadhi faili pamoja na mipaka ya mstatili uliochora, tarehe uliyopakua na toleo la takwimu.

Sambamba na hilo, omba karatasi. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inataka mradi mkubwa wa aina hii ufanyiwe tathmini ya athari kwa mazingira, na chombo cha taifa cha mazingira, NEMC, ndicho kinachoisimamia. Humo unatafuta mambo matatu: asilimia ya salfa, asilimia ya majivu, na vifaa vya kusafisha moshi vilivyoahidiwa. Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016 inakupa pa kusimamia unapoandika barua. Andika kwa adabu, taja waraka mahsusi unaoutaka, na uwe na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa.

Ukikwama

*Namba zangu zimezidi za ripoti rasmi kwa karibu asilimia 10.* Uwezekano mkubwa ni tani fupi ulizozisoma kama tani za kawaida. Zidisha kwa 0.907.

*Namba zangu za hewa ukaa ni kama robo ya zinazotarajiwa.* Ripoti uliyoitumia imetaja kaboni peke yake. Zidisha kwa 44 ugawanye kwa 12.

*Nalinganisha viwango vya miligramu kwa mita ya ujazo na havikubaliani.* Angalia oksijeni. Afrika Kusini hupima ikichukulia oksijeni ya asilimia 10 kwenye moshi, Ulaya asilimia 6. Kupeleka namba ya Afrika Kusini kwenye mizani ya Ulaya, zidisha kwa 15 ugawanye kwa 11. Miligramu 500 za Afrika Kusini ni kama 680 za Ulaya.

*Grafu ya setilaiti imeruka ghafla bila tukio lolote.* Chembe za picha zilipunguzwa ukubwa Agosti 2019, na programu ya kuchakata imebadilishwa zaidi ya mara moja. Tafuta takwimu zilizochakatwa upya zote kwa toleo moja, usiunganishe matoleo mawili.

*Miezi ya Novemba hadi Aprili ina mapengo matupu.* Ni mawingu. Nyanda zetu za juu wakati wa mvua hazionekani kutoka juu kwa siku nyingi mfululizo. Linganisha kiangazi na kiangazi, na andika idadi ya siku zilizopatikana kila mwezi. Mwezi wenye siku tatu usiuchore kama ulio na ishirini.

*Sina kompyuta.* Hatua ya 1, ya 2, ya 7 na barua ya hatua ya 9 zinafanyika kwa simu na daftari. Kwa hatua ya 3 hadi ya 5 tafuta mwenzako mwenye kompyuta, mpe faili la mwaka, na umsimamie asije akafuta lile la asili.